Dakika 45

Mei 2021, kabla ligi mpya ya mpira wa vikapu ya Afrika haijaanza, kila kundi la WhatsApp nililokuwemo lilikuwa na habari moja: J. Cole yuko Kigali. Yule rapa wa Fayetteville, North Carolina. Na hakuja kuimba. Amesajiliwa na Patriots, klabu ya Rwanda, kama mchezaji wa kulipwa. Siku mbili kabla ya mechi ya kwanza alitoa albamu yake, The Off-Season. Mimi nilikuwa Kilifi, nimekaa barazani kwa mama, bando linakaribia kuisha, na lote lililobaki nikalimalizia kwenye hiyo mechi ya tarehe 16. Patriots waliwapiga Rivers Hoopers wa Nigeria 83 kwa 60. Cole alifunga pointi tatu.

Nilifurahi utadhani kafunga 30. Mtu wa miaka 36, pesa anazo, jina analo, na bado anakwenda kufukuzana na vijana wanaoruka kumzidi, mbele ya kamera, akijua kila mpira atakaoupoteza utachekwa dunia nzima. Nilijua pia kwamba alipokuwa chuoni St. John's, New York, aliwahi kufanya majaribio ya kuingia timu ya chuo, akaitwa arudi kesho yake, na hakurudi. Ndoto ya namna hiyo naielewa. Haifi, inakaa tu pembeni ikikutazama.

Alicheza mechi tatu. Ukijumlisha zote ni dakika 45 na pointi tano. Halafu akaondoka kabla ya robo fainali, kwa sababu za kifamilia. Patriots wakaendelea bila yeye mpaka nusu fainali, wakamaliza wa nne. Zamalek ya Misri ikabeba kombe.

Katikati ya shangwe ile alitokea mtu mmoja akatuharibia raha. Terrell Stoglin, Mmarekani mwenzake Cole, alikuwa akiichezea AS Salé ya Morocco. Huyu ndiye aliyemaliza msimu ule akiwa mfungaji bora, wastani wa zaidi ya pointi 30 kwa mechi. Hakuwahi kuchaguliwa na timu yoyote ya NBA. Maisha yake ni mkoba na pasipoti: nchi hii msimu huu, nchi ile msimu ujao, mkataba ukiisha tafuta mwingine. Stoglin aliwaambia waandishi wa habari kwamba Cole amechukua kazi ya mtu aliyeistahili, na kwamba kumwingiza namna ile ni kuuvunjia mchezo heshima.

Watu walimshukia. Ana wivu huyo. Nani alikuwa anamjua kabla ya Cole kuja? Mimi pia niliandika kitu hapo chini ya habari, sikumbuki vizuri nilisema nini, ila najua hakikuwa cha adabu. Nikaweka simu chini. Na usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu alichokisema Stoglin nilikuwa nakijua. Nilikuwa nakijua tangu kidato cha tatu.

Shule yetu ilikuwa na uwanja mmoja wa saruji uliopasuka katikati, na pete mbili alizotengeneza fundi wa kuchomelea. Moja ilikuwa juu kuliko mwenzake kwa kama kiganja hivi. Nyavu hakuna. Mpira mmoja, umekwisha ngozi, ukiudunda unakuja upande unaoutaka wenyewe. Mwaka ule mjomba wangu alikuwa na kazi nzuri Mombasa, akasikia tunahangaika, akanunua mipira miwili mipya na jezi 12, namba 4 mpaka 15, kama ilivyokuwa desturi. Akazileta mwenyewe kwa gari lake, mwalimu mkuu akatoka nje kumpokea, tukapigwa picha.

Wiki iliyofuata orodha ya kwenda kwenye michezo ya muhula wa kwanza ikabandikwa ukutani nje ya chumba cha walimu. Majina 12. Langu lilikuwa la mwisho.

Sasa nikwambie ukweli: mimi sikuwa mbaya kabisa, lakini sikuwa wa kumi na mbili. Wa kumi na mbili alikuwa rafiki yangu, tuliyekaa dawati moja, mtoto wa Mnarani, aliyekuwa akivuka daraja kwa miguu kila siku na bado anafika mazoezini kabla yetu sisi tunaolala ng'ambo hii. Alikuwa mfupi, ila mikono yake ilikuwa na wizi wa ajabu. Ukimpita unadhani umempita, ukitazama mkononi mpira hauna. Alisimama pale ukutani akasoma orodha mara mbili. Halafu akanigeukia, akanipa mkono. "Hongera, bro." Basi.

Sikusema kitu. Ningeweza kwenda kwa kocha. Hata leo nikijitetea kichwani huwa nasema, sikuomba, mjomba hakuomba, hakuna aliyeomba. Na ni kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Hakuna mtu aliyefanya ubaya unaoweza kuunyooshea kidole. Mtu ametoa sadaka, mwalimu ameshukuru, mtoto amepata nafasi. Tulikwenda Malindi, nikacheza dakika nne hivi katika mechi mbili, tukatolewa, tukarudi na jezi zetu mpya.

Kwa hiyo nikaanza kuitazama upya habari ya Kigali, safari hii taratibu.

Jambo la kwanza ni kanuni. Katika ligi ile timu ilikuwa na wachezaji 13. Angalau tisa lazima wawe raia wa nchi ya klabu, wageni wasizidi wanne, na kati ya hao wasiotoka Afrika wasizidi wawili. Maana yake Cole hakumtoa Mnyarwanda kwenye orodha. Alikaa kwenye kiti ambacho tangu mwanzo kilitengwa kwa mtu kama Stoglin: Mmarekani au Mzungu anayejua kazi, anayezunguka dunia akiuza jasho lake. Ndiyo maana ni Stoglin aliyepiga kelele. Aliona kiti cha watu wa aina yake, na viti hivyo ni vichache kweli.

Lakini dakika ni hesabu nyingine. Dakika hazina uraia. Mechi ina dakika 40, watu watano uwanjani, na kila dakika aliyocheza Cole kuna mtu alikuwa ameketi. Pengine kijana wa Kigali aliyekua akiutazama ule uwanja ukijengwa, ukafunguliwa 2019, akajiambia siku moja.

Najua mtakachonijibu. Cole aliiletea ligi macho. Magazeti ambayo yasingeandika hata mstari mmoja juu ya Patriots na Rivers Hoopers yaliandika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa Kilifi huo msemo ndio uchumi wetu, bana. Tumeujengea hoteli, nyumba za kupanga za Bofa, sherehe za mwisho wa mwaka chini ya mibuyu. Na si uongo, wenyeji wanapona. Shule yetu ilipona. Baada ya mimi kuondoka, vijana wengine walizivaa zile jezi miaka na miaka, na ile mipira miwili ilidundwa mpaka ikawa kama ule wa zamani. Ukizipima jezi 12 na mipira miwili kwa dakika zangu nne, hesabu inaonekana imelipa.

Hesabu hiyo inadanganya kwenye neno moja: mwenyeji. Mwenyeji yupi? Aliyepona ni shule, timu, ligi, mji. Aliyeumia ni mtu mmoja, ana jina, ana nauli ambayo hakupewa. Faida inagawanywa kwa wengi, kila mmoja anapata kidogo na anashukuru. Hasara inaangukia bega moja. Na kwa kuwa wengi wamefaidika, yule mmoja akifungua mdomo anaonekana mchoyo. Stoglin akaitwa mwenye wivu. Rafiki yangu hakufungua mdomo kabisa, alinipa mkono, manake angesema nini? Kwamba zile jezi zirudishwe?

Nadhani hapo ndipo kosa lilipo, kama lipo. Kuja na zawadi si kosa. Kuwa na ndoto kubwa kuliko uwezo wako, sisi sote tunayo. Tatizo ni zawadi kumziba mdomo mtu ambaye hakuulizwa kama aitaka. Anakuja kijana wa Ulaya kujitolea kufundisha shule ya kijijini mwezi mmoja, analeta vitabu na penseli za rangi, na hapo hapo kijijini yuko mwalimu mwenye cheti anayeendesha bodaboda. Nani atamwambia yule kijana asije? Mwalimu wa bodaboda ndiye anayempeleka shuleni, anamlipa vizuri, anashukuru.

Lakini na Stoglin naye nina neno naye. Anasema mtu aliyestahili. Kustahili kunapimwa kwa nini? Sisi Waswahili tuna mfano wetu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza NBA. Nyuma yake walikuwepo James Harden, aliyechukuliwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Mambo hayakumwendea. Mpaka leo Wamarekani wakiorodhesha waliochaguliwa vibaya hawamsahau, utafikiri aliiba. Kwa macho yao, yeye ndiye aliyekalia kiti cha watu. Baadaye alicheza Japani, akacheza Taiwan, akijitafutia riziki kama Stoglin. Nani aliyestahili? Siku ile ya 2009, kwa urefu wa sentimita 221 na alivyokuwa akiwazibia watu goli pale Connecticut, walioona ni yeye hawakuwa wajinga. Kustahili mara nyingi tunakujua kesho yake. Kwa hiyo siwezi kumhukumu Cole kwa pointi tano. Angefunga 50, swali la yule aliyeketi lingebaki pale pale, tungekuwa tu tumesahau kuliuliza.

Kuna msemo wa pili juu ya mgeni, huo hatuuandiki kwenye mabango ya hoteli. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Cole alicheza mechi tatu. Sisemi hivyo kumkejeli, kila mtu ana familia. Mwaka uliofuata alikwenda kucheza ligi ya Kanada, kwa hiyo mapenzi yake kwa mchezo si ya kamera tu. Ila jembe hasa lilianza baada yake: robo fainali, nusu fainali, ile mechi ya kugombea nafasi ya tatu waliyopigwa na Petro de Luanda huku jasho limekwisha. Hilo walilima wenyeji. Na mimi jembe langu lilikuwa lipi? Baada ya Malindi niliacha kwenda mazoezini. Nilijiambia ni masomo. Rafiki yangu aliendelea kuja mpaka kidato cha nne, akidunda mpira wa mjomba wangu.

Mwaka 2025 Nairobi City Thunder ikawa timu ya kwanza ya Kenya kufika ligi ile. Nilikuwa nimerudi Kilifi, nikaenda kutazama mechi kwenye duka la huyo huyo rafiki yangu. Anatengeneza simu karibu na soko la Charo wa Mae. Kaunta ya kioo, taa moja kali, bisibisi ndogo kama sindano. Thunder nao walikuwa na wageni wao, na kila mgeni akifunga watu dukani walipiga kelele kama kafunga mtoto wa jirani. Wakati wa mapumziko nikamuuliza kama anaikumbuka ile orodha ya ukutani.

"Orodha gani?"

Nikamweleza. Alikuwa anafungua simu ya mteja, hakuinua kichwa.

"Ah, hiyo. Nilikuwa nimekuja na viatu vya kukopa siku ile. Nilimwambia mwenyewe nitavirudisha baada ya Malindi." Akapuliza vumbi ndani ya simu. "Nikavirudisha siku ile ile."

Hilo la viatu sikuwahi kulijua. Nikakaa kimya, kisha, kwa kuwa sikuwa na la kusema, nikamwambia nimekuwa nikifikiria kupeleka mipira shuleni kwetu. Miwili, mitatu. Na nyavu safari hii.

"Nunua," akasema. "Lakini usiwapelekee mwenyewe."

"Sasa apeleke nani?"

"Niachie hapa dukani. Jumamosi huwa napita kule kuwafundisha wale watoto kuiba mpira." Akanyoosha mkono bila kunitazama. "Nipe hiyo bisibisi. Hapana, ile nyekundu."