Kujifunza Kiarabu Ukubwani



Wako miongoni mwetu watu wazima, wenye wajukuu, wasimamao katika Swala tano kila siku na wasijue maana ya wayasomayo. Nasi tuandikao haya hatujitoi katika lawama hiyo. Mtu akiambiwa ajifunze Kiarabu hujibu: "Wakati wangu umekwisha, siwezi kukaa chuoni na watoto." Hiyo ni haya isiyo mahali pake. Imamu Bukhari ameeleza katika Sahihi yake ya kwamba Masahaba wa Mtume (S.A.W.) walijifunza nao ni watu wazima. Basi sisi ni nani hata tulionee aibu jambo ambalo wao hawakulionea?

Na leo udhuru huo hauna nguvu tena. Programu za kufundishia lugha zimo ndani ya simu tuzichukuazo mifukoni. Ile iitwayo Duolingo ina mafunzo ya Kiarabu tangu mwaka 2019; na iitwayo Anki humrudishia mwanafunzi neno kabla hajalisahau: leo, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya majuma. Tena sisi Waswahili tuna akiba: kitabu, kalamu, wakati, twayajua tangu utotoni. Lakini tusighurike, kwani kitu rahisi kwa Mwarabu ni cha bei ndogo, si chepesi kufanywa.

Hata hivyo twawanasihi: simu haishiki mahali pa mwalimu. Qalb ni moyo, na kalb ni mbwa. Baina yao ni herufi moja. Programu yaweza kukuhesabu umepata kwa kuwa kidole kimegusa jibu la sawa, na ulimi ungali umekosa. Qurani imetufikia kwa kupokewa kinywani mwa mwalimu, kizazi baada ya kizazi. Tena ziko programu zimhesabiazo mtu siku alizofuatanisha, hata akafurahia hesabu kuliko elimu.

Basi shauri letu ni hili: robo saa kwa simu baada ya Alfajiri, na mara moja kwa juma mbele ya maalimu, umsomee akusahihishe. Anza na al-Fatiha: aya zake ni saba tu, nawe waisoma mara 17 kila siku katika Swala za faradhi. Ni hasara iliyoje mja kumwomba Mola wake umri mzima, asijue aliloomba!

Mwenyezi Mungu atufungulie vifua vyetu. Amin.