Mateso, Ukweli na Hukumu ya Mtazamaji: Ubishi juu ya Filamu ya Zero Dark Thirty

Zero Dark Thirty ni filamu ya Kimarekani iliyotoka Desemba 2012. Iliongozwa na Kathryn Bigelow, na mwandishi wake ni Mark Boal. Inasimulia jinsi Osama bin Laden alivyosakwa kwa takriban miaka kumi, tangu mashambulizi ya Septemba 11, 2001 hadi usiku wa kuamkia Mei 2, 2011, makomando wa Jeshi la Wanamaji la Marekani walipoivamia nyumba yake mjini Abbottabad, Pakistan, wakamuua. Iliteuliwa kuwania tuzo tano za Oscar, ikapata moja, ya uhariri wa sauti, na hiyo nayo iligawana na filamu nyingine. Ubishi iliouzua umedumu kuliko tuzo hiyo. Tangu wiki yake ya kwanza, watazamaji wamegawanyika juu ya jambo moja: mateso wanayopewa mahabusu katika nusu saa ya mwanzo.

Filamu inaanza na skrini nyeusi tupu. Hakuna picha, zinasikika tu sauti za watu walionaswa ndani ya majengo siku ile ya Septemba 11. Kabla ya hapo mtazamaji amekwisha kuelezwa kwa maandishi kwamba kisa hiki kimejengwa juu ya maelezo ya watu waliokuwapo. Mara picha inafunguka katika gereza la siri. Mahabusu mmoja, Ammar, amening'inizwa kwa kamba. Ofisa wa shirika la ujasusi, CIA, anamlaza chali, anamfunika uso kwa kitambaa na kummwagia maji mpaka ahisi anazama. Baadaye anavishwa mkanda wa mbwa shingoni, kisha anasukumwa ndani ya sanduku dogo. Maya, mchambuzi wa CIA aliyeigizwa na Jessica Chastain, anasimama pembeni akitazama. Ammar anapomwomba msaada, Maya anamjibu kwamba atajisaidia mwenyewe kwa kusema kweli.

Linalofuata ndilo lililogawa watu. Akiwa ndani ya sanduku, Ammar hasemi la maana. Anapoulizwa siku ya shambulio, anataja siku za juma, moja baada ya nyingine. Jina la Abu Ahmed, tarishi wa bin Laden, linamtoka baadaye, akiwa nje juani, mbele ya meza yenye chakula. Maofisa wanamdanganya kwamba wakati wa kunyimwa usingizi alikwisha kusema kila kitu na sasa amesahau. Wapo wanaosema hila na chakula ndivyo vilivyofanya kazi, na kipigo kilishindwa. Wengine wanajibu kwamba mtu aliyeketi mezani huku sanduku likimsubiri hajatoka katika mateso, na kwamba hila yenyewe isingewezekana bila zile siku za kunyimwa usingizi. Mbele zaidi, filamu inaonyesha kwamba jina hilo lilikuwa limelala kwa miaka mingi katika faili lililotoka Morocco, bila mtu kulisoma. Mtazamaji anayetafuta ushahidi wa upande wowote ataupata.

Maoni yaliyotolewa yanachanganya maswali matatu ambayo yafaa yatenganishwe. Je, mambo yalikwenda hivyo kweli? Je, kuonyesha jambo ni kuliunga mkono? Na kama mateso yangekuwa yamezaa matunda, je, yangekuwa halali? Swali la kwanza ni la historia, la pili ni la sanaa, la tatu ni la maadili. Jibu la moja haliwezi kutumika badala ya jingine, ingawa katika mabishano mengi ndivyo linavyotumika.

Swali la kwanza lilijibiwa na watu waliokuwa na nyaraka mikononi. Desemba 19, 2012, maseneta Dianne Feinstein, Carl Levin na John McCain waliiandikia kampuni ya Sony Pictures, msambazaji wa filamu hiyo, wakisema filamu inapotosha kwa kudokeza kwamba mateso ndiyo yaliyofichua alikokuwa bin Laden. McCain mwenyewe aliteswa akiwa mateka wa vita Vietnam. Siku mbili baadaye, kaimu mkurugenzi wa CIA, Michael Morell, aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba picha hiyo si sahihi, ingawa aliongeza kwamba baadhi ya habari zilitoka kwa mahabusu waliohojiwa kwa nguvu, pamoja na vyanzo vingine vingi. Desemba 2014, Kamati ya Ujasusi ya Seneti ilitoa muhtasari wa ripoti yake, wenye kurasa zaidi ya 500. Ulieleza kwamba habari muhimu kuhusu tarishi zilipatikana kwa njia nyingine, na kwamba mahabusu aliyesema mengi ya maana aliyasema kabla ya kuguswa. CIA iliyapinga baadhi ya matokeo hayo.

Katika swali hili mtengenezaji wa filamu hawezi kuvaa kofia mbili. Anayetangaza kwamba kisa chake kimetoka kwa mashuhuda ameomba kuaminiwa kama mwandishi wa habari. Akikosolewa, hana haki ya kujificha nyuma ya uhuru wa msanii. Tena filamu ya namna hii hukosea pia kwa yale inayoyapita haraka. Katika operesheni yenyewe, CIA ilimtumia daktari wa Kipakistani kuendesha kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini aina ya B mjini Abbottabad, ili kupata vinasaba vya waliokuwa ndani ya nyumba ile. Habari hiyo ilipofichuka, shaka juu ya chanjo iliongezeka nchini Pakistan. Mwezi uleule filamu ilipotoka, wahudumu wa chanjo ya polio waliuawa huko kwa risasi. Mwaka 2014 Ikulu ya Marekani ilitangaza kwamba CIA haitatumia tena kampeni za chanjo kama kificho. Filamu inalipita jambo hili kwa haraka, kama mbinu mojawapo isiyofanikiwa. Mzazi aliyeachwa akijiuliza kama sindano ya mwanawe ni dawa au ujasusi hamo katika hesabu ya filamu.

Swali la pili lilijibiwa na Bigelow mwenyewe. Januari 2013, katika gazeti la Los Angeles Times, alitetea kazi yake kwa hoja kwamba kuonyesha si kuunga mkono. Msanii akikatazwa kuonyesha ukatili, hakuna atakayeweza kuuchunguza. Mwanafalsafa Slavoj Žižek alikataa. Kwake, kuonyesha mateso kwa ubaridi, kama kazi ya ofisini, kunayafanya yazoeleke, na jamii iliyoyazoea imekwisha kupoteza kitu hata kabla ya mjadala kuanza. Mvutano huu ni wa kale. Plato aliwaogopa washairi kwa sababu huamsha hisia zinazoipita akili; Aristotle, mwanafunzi wake, aliona kwamba huruma na hofu zinazoamshwa na tamthilia zina manufaa kwa mtazamaji.

Mfano wa kulinganisha upo. Filamu ya Gillo Pontecorvo ya mwaka 1966 kuhusu vita vya mji wa Algiers nayo inaanza na mtu aliyetoka kuteswa, na mateso yale yamefanikiwa: ametaja maficho ya Ali la Pointe, mpiganaji wa ukombozi aliyekuwa akisakwa. Wanajeshi wa Ufaransa wanamvisha sare yao awaongoze njia, naye analia. Pontecorvo hakudanganya kwamba mateso hayafanyi kazi. Alionyesha yanafanya kazi, akakaa na uso wa aliyevunjwa, kisha akaendelea mpaka mtazamaji aone walioshinda mji wakiipoteza nchi. Algeria ilipata uhuru mwaka 1962. Tofauti ya filamu hizi mbili, basi, haiko katika kuonyesha au kutoonyesha. Iko katika nani anabaki machoni pa mtazamaji. Ammar akishataja jina, habari zake zinakwisha. Kamera inaondoka na Maya, na mtazamaji anaondoka naye, akitamani yeye afaulu.

Hapo ndipo swali la tatu linapoingia kimyakimya. Anayefurahi kwamba bin Laden amepatikana huona vigumu kuchukia njia aliyodhani ndiyo iliyompata. Wanaoitetea njia hiyo wana hoja ya zamani, iliyopangwa vizuri zaidi na Jeremy Bentham wa Uingereza: tendo hupimwa kwa matokeo yake, na maumivu ya mmoja ni madogo yakilinganishwa na vifo vya wengi. Mswahili angesema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini methali hiyo inamtaka mwenye haja ainame yeye mwenyewe. Katika chumba cha mateso anayeinamishwa ni mwingine, aliyefungwa, asiyeweza kujitetea, na ambaye pengine hajui anachoulizwa. Immanuel Kant aliliweka hili kuwa msingi wa maadili mwaka 1785: binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mtu mwingine. Miaka ishirini na mmoja kabla ya hapo, Mwitalia Cesare Beccaria alikwisha kuonyesha kwamba mateso humwokoa mhalifu mwenye mwili mgumu na kumhukumu asiye na hatia mwenye mwili dhaifu.

Kuna msimamo wa kati, wa Michael Walzer wa Marekani, aliyeandika mwaka 1973 juu ya mikono michafu ya viongozi. Anakubali kwamba huenda ikatokea dharura ambapo kiongozi atalazimika kutenda ovu ili kuzuia lililo baya zaidi. Lakini ovu hilo halibadiliki kuwa jema; aliyelitenda anabaki na hatia, na anapaswa kuikiri na kuibeba. Sheria ya kimataifa imekwenda mbali zaidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, wa mwaka 1984, unasema hakuna hali yoyote, iwe vita au tishio la vita, inayoweza kuwa kisingizio. Marekani iliuridhia mwaka 1994.

Dini nazo zina neno, pamoja na historia isiyo safi. Mwaka 1252 Papa Innocent wa Nne aliruhusu mateso dhidi ya walioshukiwa uzushi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inayakataa na kukiri kwamba Kanisa lenyewe liliwahi kuyavumilia. Katika Uislamu, hadithi zilizopokewa na Imamu Muslim zinawaonya wanaowatesa watu duniani kwamba Mwenyezi Mungu atawaadhibu, na mafundisho kuhusu mateka yanahimiza walishwe na kutendewa wema. Mafundisho haya yote hayaulizi kwanza kama mateso yana faida.

Kwa watazamaji wa Afrika Mashariki, suala hili haliko mbali. Agosti 7, 1998, kundi la bin Laden lililipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Watu 213 walikufa Nairobi na 11 Dar es Salaam, wengi wao wakiwa wenyeji. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004 kwa kuhusika na mashambulizi hayo, akawekwa katika magereza ya siri ya CIA, kisha katika gereza la kijeshi la Marekani la Guantánamo. Kesi yake iliposikilizwa New York mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu, Mtanzania, kwa sababu serikali ilimfahamu shahidi huyo kupitia mahojiano ya kulazimishwa. Kati ya mashtaka 285, Ghailani alitiwa hatiani kwa moja tu. Alifungwa maisha, lakini familia za waliokufa hazikupata hukumu ya mauaji. Mtanzania mwingine, aliyeishi kwa uvuvi na biashara ndogo, alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akateswa katika gereza la siri, akashikiliwa kwa zaidi ya miaka mitano na kuachiwa bila shtaka. Yeye na wenzake waliwashtaki wanasaikolojia wawili waliobuni mbinu za mateso za CIA, na kesi ikamalizwa kwa maafikiano Agosti 2017. Mtu wa namna hii hana nafasi katika filamu: Ammar ana hatia tangu dakika ya kwanza, kwa hiyo mtazamaji hatakiwi kamwe kujiuliza itakuwaje wakimkosea mtu.

Lipo pia suala la kufurahia kifo. Uvamizi wa mwisho umepigwa picha kwa taratibu, katika kijani cha miwani ya usiku, huku watoto wakilia. Watu watano waliuawa usiku ule, mmoja wao mwanamke. Umati ulishangilia nje ya Ikulu ya Marekani, ilhali msemaji wa Vatican, Padri Federico Lombardi, alitoa tamko kwamba Mkristo hafurahii kamwe kifo cha mtu. Hapa filamu inastahili sifa: haikuonyesha shangwe ile. Inaishia na Maya akiwa peke yake ndani ya ndege kubwa ya mizigo, akilia.

Wakosoaji wengi waliishambulia filamu kwa hoja moja, kwamba mateso hayakumpata bin Laden. Hoja hiyo ni ya kweli kwa kadiri nyaraka zinavyoonyesha, lakini haitoshi. Anayesimama juu yake peke yake amekubali kwamba kama mateso yangefaulu, asingekuwa na la kusema, na kesho anaweza kuletewa kisa ambacho yamefaulu kweli. Marufuku ya mateso inasimama juu ya hadhi ya mtu aliyefungwa na asiyeweza kujitetea, iwe amesema au amenyamaza, iwe ana hatia au hana. Mtazamaji wa filamu yoyote iliyotokana na vita halisi dhidi ya ugaidi na aanze na swali la hadhi hiyo, kisha ndipo aulize kama mpango ulifanikiwa.