Mama Asiye na Lugha Yake

Juni 1922, katika chumba cha hoteli mjini Atlantic City, Marekani, mapazia yalishushwa. Mezani waliketi watatu: Arthur Conan Doyle, mtunzi aliyembuni Sherlock Holmes, mkewe Jean, na Harry Houdini, bingwa wa mazingaombwe, aliyezoea kufungwa minyororo na kujifungua mbele ya umati. Houdini alifiwa na mama yake mwaka 1913, na jeraha lilikuwa bado bichi. Jean akashika kalamu. Mkono ukatetemeka, ukaigonga meza, kisha ukaandika mbio, karatasi baada ya karatasi, na Doyle akawa anamkabidhi mgeni wake kila iliyojaa. Ilikuwa barua ya mama kutoka ahera.

Houdini alisoma kimya. Juu ya ukurasa wa kwanza palichorwa msalaba, na mama yake alikuwa Myahudi, mke wa rabi. Barua nzima ilikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo mama yule hakuijua.

Nimetunga riwaya kwa miaka mingi, na kisa hiki huwasimulia vijana wanaoniletea miswada. Jean simlaumu. Ninayemfikiria sana ni Doyle. Mtu huyu aliufundisha ulimwengu mzima kutazama tope kwenye kiatu na kujua mwenye kiatu ametoka wapi. Mhusika wake angepokea barua ya namna ile, angeuliza kwanza: marehemu alisema lugha gani? Yeye hakuuliza. Hata alipoambiwa, majibu alikuwa nayo tayari. Msalaba, alisema, mkewe huuchora kila mara ili kuzuia roho wabaya. Kiingereza nacho kimetokana na mwandikaji, si na roho.

Tusimwone mjinga. Mwanawe Kingsley alijeruhiwa vitani huko Somme, na Oktoba 1918 akafa kwa nimonia iliyofuatia homa ya mafua. Miezi michache baadaye akafa Innes, mdogo wake Doyle. Kusema na wafu alikuwa ameanza kukuamini hata kabla ya misiba hiyo. Misiba ilikuja kuufunga mlango wa shaka. Mtu aliyefiwa hivyo ukimpa sauti yoyote ataipokea, na sehemu zinazopwaya atazijaza mwenyewe. Kujaza ndiyo kazi aliyoiweza kuliko wengi waliokuwa hai wakati ule.

Desemba 1920 alikuwa amekwisha andika katika jarida la Strand kuhusu picha zilizopigwa na wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley, Uingereza. Zilionyesha vijitu vyenye mabawa kama ya kipepeo vikicheza mbele ya mmoja wao. Vilikuwa vya karatasi, vimekatwa kwa mkasi na kusimamishwa kwa pini za kofia. Wasichana wale walikiri mwaka 1983, wamekwisha kuwa bibi vizee. Michoro waliiga kutoka kitabu cha mwaka 1914, na ndani ya kitabu hicho hicho mna hadithi ya Doyle mwenyewe. Mmojawapo alieleza kuwa waliona haya: watoto wawili wa kijijini wangemwambiaje mtu mkubwa kama yule kwamba amedanganyika? Wakanyamaza zaidi ya miaka sitini.

Urafiki wa Doyle na Houdini haukupona. Houdini alishikilia kwamba maajabu yake yote ni ufundi wa mikono na mazoezi. Doyle akashikilia kwamba Houdini ana nguvu za mizimu na anazificha.

Nami nilikaribia kuangukia shimo lile la Doyle. Katika riwaya yangu ya pili nilimleta nyanya yangu, aliyekuwa amefariki, amtokee mjukuu ndotoni. Niliandika ukurasa ule usiku mmoja bila kufuta neno, machozi yakinitoka, nikaamini kabisa kwamba amekuja mwenyewe. Asubuhi nikampa mama asome. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, kisha kikasimama juu ya neno "njoo".

"Huyu nani?" akauliza.

"Nyanya, mama."

"Nyanyako alikuwa mtu wa Lamu. Tangu nizaliwe sikumsikia akisema 'njoo'."

Akanirudishia karatasi, akavua miwani. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka kumi na moja, akasema, "Ndoo, mwanangu, ndoo," na sote wawili tukageuka kutazama mlango.