Siku Tisa za Ukimya

Ndugu msomaji, utashangaa kwamba mtu wa Mbalizi, mji uliojipanga kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, tena mtu asiyejua hata kuogelea, ana neno la kusema juu ya injini ya boti. Kwetu mashine tunazozijua ni malori na mashine za kusaga. Lakini Ziwa Nyasa haliko mbali nasi. Ukishuka kwa njia ya Tukuyu hadi Kyela, umekwisha kulikaribia. Huko ndiko mimi na shemeji yangu tulikoweka akiba yetu, katika boti ya mbao yenye injini ya dizeli iliyofungwa ndani, chini ya sakafu. Mwendeshaji alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu.

Asubuhi moja injini ilikataa kuwaka. Kijana akapiga starta tena na tena. Hakujua kwamba injini kama ile hupozwa kwa maji ya ziwa: pampu huyavuta, huyapitisha mwilini mwa injini, kisha hutupwa nje pamoja na moshi. Starta ikizunguka bila injini kuwaka, pampu huendelea kuleta maji, lakini moshi wa kuyasukuma nje haupo. Basi yakajaa katika bomba la ekzosi, yakarudi nyuma hadi ndani ya silinda. Injini ikagonga mara moja, ikakwama. Hewa hushindilika, maji hayashindiliki.

Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, akakuta oili ina rangi ya chai ya maziwa. Akakifuta, akakirudisha, akatupigia simu kusema kwamba betri imekwisha nguvu. Tukatafuta betri. Zikapita siku tisa.

Hatimaye injini ilifunguliwa, ikapandishwa kwa gari hadi Mbalizi, kwa fundi wetu wa malori. Alitoa nozeli, akajaribu kuizungusha kwa mkono, ikakataa. Alipoifungua tuliona silinda zimeshika kutu nyekundu, na ringi zimegandamana na pistoni. Fundi akajifuta mikono, akaniambia, "Mzee, maji hayakuiua injini hii. Zilizoiua ni siku tisa."

Akanieleza kwamba kama angeitwa siku ileile, angetoa nozeli, angeizungusha kwa mkono mpaka maji yote yaruke nje, angemwaga oili chafu na kutia mpya, angeibadilisha tena mara mbili au tatu, kisha angeiwasha na kuiacha ipate moto hadi unyevu uishe. Gharama yake ni oili na kazi ya siku moja. Sasa tulihitaji silinda, pistoni, ringi na beringi mpya.

Hasira iliyonipata sitaificha. Nilikwisha kuandaa hukumu yangu. Nilijiambia kuwa kukosea ni kwa wanadamu wote, na mtu hafukuzwi kwa kutojua. Lakini kuficha ni jambo jingine. Aliyeficha ametunyang'anya siku tisa ambazo tungeweza kuzitumia kuokoa mali yetu. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na hata leo sijaiacha.

Nilipomwita na kumwuliza kwa nini alinyamaza, aliinamisha kichwa, akasema, "Mjomba, ulisema mwenyewe."

Nikakumbuka. Siku ya kumkabidhi boti, mbele ya mama yake, nilitamka hivi: "Injini hii ikiharibika mikononi mwako, usikanyage tena nyumbani kwangu." Nilidhani maneno yale ni kufuli ya kulinda mali. Kumbe nilikuwa nimeupangia ukweli bei ambayo kijana yule hakuwa nayo.

Je, jambo hili linamwondolea lawama? Hapana. Simu alikuwa nayo, na ulimi alikuwa nao. Kosa langu halifuti lake. Lakini na lake halifuti langu. Mwenye mamlaka anayetisha watu wake, kisha akashangaa kwamba anadanganywa, anavuna alichopanda.

Nikiwa katika fikra hizo niliikumbuka habari ya meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walioiunda waliiita Graf von Götzen. Mwaka 1916, vita vilipowaelemea, waliamua kuizamisha wenyewe isitekwe. Kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka injini zake grisi nyingi, ili maji na hewa visile chuma. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, waliikuta mitambo yake bado yafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Mafundi wale walikubali waziwazi kwamba meli itazama. Kwa kuwa walikubali, waliweza kuiandaa kwa siku ya kuinuliwa. Mimi nilimkabidhi kijana boti kana kwamba maji hayapo ziwani. Hapana budi, kabla ya kosa kutokea, mtu ajue atamwambia nani, na kwamba atakaposema, jambo la kwanza litakuwa kuokoa kilichoharibika. Hukumu itafuata, maana haki nayo ina nafasi yake, lakini hukumu yaweza kusubiri. Chuma kilicholowa hakisubiri.

Basi tuligawana gharama. Yeye alikatwa kidogo kidogo katika posho yake kwa ajili ya siku tisa. Mimi nililipa sehemu kubwa zaidi kwa ajili ya maneno yangu, ingawa shemeji alininung'unikia kwamba ninamlea vibaya.

Msimu wa mvua uliofuata, simu yangu ililia alfajiri. "Mjomba," akasema kwa sauti ya kutetemeka, "maji yameingia tena. Ni sasa hivi. Nilisahau kufunga koki."

Matusi yote ninayoyajua yalinijia mdomoni. Nilikaa kimya kwa muda mrefu kuliko inavyopasa mtu aliyeandika kurasa hizi. Kisha nikamwambia, "Ahsante kwa kunipigia. Usiguse starta. Toa nozeli kwanza."