Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kawaida msemo huu huambiwa mwenye duka anayekopesha sukari bila kuandika. Siku hizi naona unatufaa katika jambo ambalo waliouasisi hawakulijua: gesi ya methani. Haina rangi wala harufu. Hutoka mdomoni mwa ng'ombe anapocheua, hutoka kwenye dampo, kwenye tanuru la mkaa, kwenye majaruba ya mpunga na kwenye makaa ya mawe yanapochimbwa. Mataifa yanatakiwa kuiandika, kila sekta na ukurasa wake. Songea panafaa kulitafakari jambo hili, kwa kuwa karibu kila ukurasa wa daftari hilo una mstari wake hapa Ruvuma.

Tuanze na barabara. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, hupita Songea yakielekea Namtumbo, Tunduru, Masasi, hadi bandari ya Mtwara. Tangu mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la nishati duniani, yameongezeka sana. Pembeni mwa barabara hiyo hiyo wapo ng'ombe wanaochungwa. Ukimuuliza mpita njia ni nani kati ya hao wawili anayechafua anga, atanyoosha kidole kwa lori bila kusita.

Daftari linajibu kwa namna nyingine. Mwongozo wa mwaka 2006 wa jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa unasema mgodi wa wazi, kama ulivyo Ngaka, ukadiriwe kutoa wastani wa mita za ujazo 1.2 za methani kwa kila tani ya makaa. Mgodi wa chini ya ardhi ungeandikiwa mita 18. Kwa hiyo lori lenye tani 30 limeacha nyuma yake, huko mgodini, kama kilo 24 za methani. Ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa anaandikiwa kilo 31 kwa mwaka. Ng'ombe mmoja, kwa mwaka wake mmoja, amelipita lori.

Je, mpita njia amekosea? Hapana. Lori moja hufuatwa na jingine mchana na usiku. Isitoshe, madhara makubwa ya makaa huja yanapochomwa, na moshi huo huandikwa katika kitabu cha nchi yanakochomwa, si cha nchi yalikochimbwa. Sisi tunabaki na fedha, vumbi na mstari mdogo wa methani. Basi daftari laweza kuwa la kweli kila mstari na bado likamhitaji msomaji mwenye busara. Anayesoma ukurasa mmoja tu ataondoka akiamini kwamba adui ni ng'ombe.

Hapo ndipo swali la maadili linapoingia, nalo ni hili: zile kilo 31 zilipimwa wapi? Hazikupimwa Namtumbo wala Tunduru. Ni kigezo kimoja kilichowekwa kwa bara zima, ili nchi isiyo na vipimo vyake iwe na cha kuanzia. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 36, na kwa Afrika hutajwa kuwa ya pili baada ya Ethiopia. Zidisha idadi hiyo kwa 31, unapata kama tani milioni 1.1 za methani kwa mwaka. Hesabu imekwisha, na hakuna aliyeingia zizini.

Kigezo cha kuazima si uongo, lakini kina upofu wake. Mfugaji akipanda malisho, akahifadhi mabua na mashudu kwa ajili ya kiangazi, akaogesha mifugo yake, ng'ombe wake akazaa mapema na kutoa maziwa zaidi, kigezo hakioni kitu. Bado ni ng'ombe mmoja, bado ni kilo 31. Katika hesabu ya namna hiyo kuna wema wa aina moja tu, nao ni kuwa na ng'ombe wachache. Na kwa mtu ambaye ng'ombe ndiye benki yake, ndiye mahari ya mwanawe na karo ya shule, huo si ushauri. Ni hukumu iliyotolewa bila shauri kusikilizwa.

Ndiyo maana nasema kupima ni haki kabla ya kuwa sayansi. Jijini Nairobi, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ina maabara iitwayo Mazingira yenye vyumba ambamo ng'ombe huingizwa na pumzi yake ikapimwa, akiwa amekula majani yale yale ambayo mfugaji wetu huyatafuta. Kwetu kipo Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kazi ya namna hii haina shangwe. Lakini taifa lisilojipima husemewa na wengine, na anayesemewa hana namna ya kusahihisha.

Haki hiyo ina upande wa pili. Septemba 2022 mabomba ya gesi ya Nord Stream yalipasuka chini ya Bahari ya Baltiki. Utafiti uliotoka mwaka 2025 ulikadiria kwamba tani kama 465,000 za methani zilivuja kwa siku chache. Kwa kigezo kile kile cha kilo 31, hizo ni sawa na za ng'ombe milioni 15 kwa mwaka mzima. Hakuna aliyekunywa maziwa yake, wala aliyelimia maksai wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee, na wakubwa wa dunia hii huuona mzigo wa mfugaji wa Tunduru kuwa mwepesi wa kutua. Kwa namba zetu mkononi tunaweza kuwajibu kwa adabu. Bila namba tutanung'unika tu.

Hata hivyo, haki isigeuzwe kuwa kichaka cha kujifichia. Kwamba mwingine amemwaga zaidi hakuzuii chetu kumwagika, na methani inayopotea ni mali. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, ile iliyojengewa bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lililokamilika mwaka 2015, kwa sehemu kubwa sana ni methani. Ikiwa ndani ya bomba tunaiita utajiri wa taifa, ikipenya kwenye kiungo kilicholegea hakuna anayeiuliza. Ng'ombe naye hupoteza kwa njia hiyo takriban asilimia 6.5 ya nguvu iliyomo katika chakula chake: nyasi ambazo mchungaji alizifuata mbali, zikaishia hewani badala ya kuwa nyama na maziwa. Samadi iliyorundikwa ikakosa hewa nayo hupoteza vivyo hivyo, ilhali kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikijenga mitambo ya biogesi vijijini tangu miaka ya 1980, na Rwanda huvuna methani ya Ziwa Kivu na kupata umeme.

Ukiitazama hivyo, kupunguza methani ni kukataa ubadhirifu, jambo ambalo dini zetu na wazee wetu walikwisha kutufundisha. Lakini ubadhirifu una daraja zake, na uadilifu unadai tuanze pale ambapo kupunguza hakumnyang'anyi mtu chakula chake. Bomba linalovuja na mgodi vitangulie. Lifuate dampo, kwa kuwa maganda ya ndizi na mabaki ya ugali yanayozikwa bila hewa yangekuwa mboji shambani. Hapo Dar es Salaam ina la kutufundisha: dampo la Mtoni lilifunikwa na kuvunwa gesi, ukawa mradi wa kwanza wa Tanzania kusajiliwa chini ya utaratibu wa maendeleo safi wa Itifaki ya Kyoto, huku taka mpya za jiji zikiendelea kurundikwa Pugu Kinyamwezi. Ukurasa mmoja ulifungwa, mwingine ukafunguliwa. Songea bado ni mji ambao taka zake zinaweza kutenganishwa kabla mlima haujawa mkubwa.

Baada ya hapo ndipo tumwendee mkulima na mfugaji, na tumwendee na kitu mkononi. Mkulima wa mpunga wa umwagiliaji anaweza kuonyeshwa kilimo shadidi, ambamo shamba hukaushwa kwa zamu badala ya kujazwa maji msimu wote. Methani hupungua hadi karibu nusu, na maji na mbegu huokolewa. Mama anayepikia mkaa anahitaji nishati safi anayoimudu. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waifikie ifikapo mwaka 2034. Mfugaji anahitaji malisho, josho na soko, ili ng'ombe wachache wampe zaidi kwa hiari yake mwenyewe, si kwa amri.

Kuna jambo moja la matumaini ambalo hewa ukaa haitupi. Methani hupasha dunia joto kama mara 80 ya hewa ukaa ikipimwa kwa miaka 20, lakini haidumu. Kwa wastani hukaa angani miaka kama 12. Inayotoka leo itakuwa imekwisha kwa sehemu kubwa mtoto anayeanza darasa la kwanza atakapomaliza kidato cha sita. Ndiyo sababu mengi ya mataifa yaliyokutana Glasgow mwaka 2021 yaliona inafaa kuahidi kwa pamoja kuipunguza kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 2030. Ni nadra kizazi kupanda na kikavuna chenyewe katika mambo ya tabianchi.

Lakini ahadi za mikutano huandikwa na mawaziri. Daftari huandikwa na afisa mifugo wa kata, na karani anayepima taka getini, na msimamizi wa mgodi anayejaza fomu jioni. Tukiwapa mizani, mafuta ya pikipiki na uhuru wa kuandika namba isiyompendeza mkubwa, tutakuwa na hesabu ya kusimama nayo mbele ya mtu yeyote. Tusipowapa, tutaendelea kukopa namba za watu, na anayekukopesha namba ndiye atakayekupangia na cha kupunguza.