Deni la Walio Hai kwa Waliokufa Vitani

Taifa lolote lililopata kupigana vita hubaki na makaburi, na penye makaburi ya askari hapakosi hotuba. Kiongozi husimama mbele ya wafiwa, akatoa shukrani kwa niaba ya taifa, kisha akawaomba walio hai wafuate nyayo za waliotangulia. Desturi hiyo imeenea duniani kote, na kwa kuwa imeenea twaiona kuwa haina neno la kuulizwa. Walakini swali lipo, tena ni zito. Maiti hawezi kuyakubali wala kuyakataa yasemwayo juu yake. Je, kiongozi aliyewatuma watu vitani ana haki gani ya kusimama juu ya makaburi yao na kutueleza walikufa kwa ajili ya nini? Na sisi tunaomsikiliza, tunadaiwa nini?

Ili kulichungua swali hili yafaa tuitazame hotuba moja mashuhuri, iliyotolewa na Abraham Lincoln, Rais wa Marekani, tarehe 19 Novemba 1863. Wakati huo Marekani ilikuwa imegawanyika. Majimbo ya Kusini, yaliyotaka kuendelea kumiliki watumwa, yalikuwa yamejitenga, na majimbo ya Kaskazini yalipigana kuuhifadhi Muungano. Tangu tarehe 1 hadi 3 Julai ya mwaka huo majeshi ya pande mbili yalipambana karibu na Gettysburg, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania wenye wakazi wapatao 2,400 tu. Waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea walifika kama 50,000. Wafu walifukiwa upesi upesi mashambani, wengine juu juu tu, hata mvua ikawafunua. Ndipo wakuu wa jimbo walipoazimia kununua kiwanja na kuwazika upya askari wa Kaskazini kwa heshima. Siku ya kukiweka wakfu kiwanja hicho ilipofika, kazi ya kuhamisha maiti ilikuwa haijakwisha.

Msemaji mkuu wa siku hiyo hakuwa Rais. Alikuwa Edward Everett, mwanachuoni na bingwa wa ufasaha, aliyesema kwa muda wa saa mbili. Lincoln alikuwa ameombwa aongeze maneno machache tu, naye akasema kwa dakika mbili au tatu, maneno yasiyofika mia tatu. Kesho yake Everett alimwandikia kumsifu, akikiri kwamba Rais alikuwa ameifikia shabaha kwa dakika hizo chache kuliko yeye kwa saa zake mbili.

Wahenga wetu walisema kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Maana yake ni kwamba msiba una wenyewe, na anayekuja kutoka nje, hata akiwa mkubwa wa cheo, hana budi kujua kiasi chake. Uzuri wa kwanza wa hotuba ile ni kwamba msemaji alijua kiasi chake. Hakumtaja jemadari yeyote, wala hakujisifu kwa ushindi, wala hakuwatukana maadui. Alikumbusha kwamba taifa lao liliasisiwa mwaka 1776 kwa imani ya kuwa binadamu wote wameumbwa sawa, na kwamba vita vilikuwa vinajaribu kama taifa la namna hiyo laweza kudumu. Kisha akasema neno lililowashangaza wengi: kwamba watu waliokusanyika pale hawakuwa na uwezo wa kukitakasa kiwanja kile, kwa kuwa waliopigana hapo walikuwa wamekwisha kukitakasa wenyewe. Kilichobaki, alisema, ni walio hai kujiweka wakfu kwa kazi ambayo wafu waliiacha bila kuimaliza.

Hebu tulinganishe neno hilo na desturi yetu. Katika mazishi mengi ya kwetu, kabla watu hawajatawanyika, ndugu wa marehemu husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, ili deni lilipwe na marehemu apumzike. Mbele ya makaburi ya askari tangazo hilo hugeuka. Hapo marehemu ndiye mwenye kudai, nasi ndio wadaiwa. Lincoln alilitambua jambo hili, na alijihesabu yeye mwenyewe miongoni mwa wadaiwa. Hakuwaambia wasikilizaji kwamba wao wana kazi. Alisema kwamba sisi tulio hai tuna kazi. Kiongozi anayewataka wengine walipe deni la mashujaa huku yeye akijitoa katika hesabu hana haki ya kusimama pale.

Hata hivyo hotuba ile haikukosa wapinzani, na hoja yao haifai kudharauliwa. Gazeti moja la Chicago liliandika kwamba Rais amewasingizia wafu, kwa maana askari wale walikwenda vitani kulinda katiba na Muungano, wala hawakwenda kwa ajili ya usawa wa watu weusi na weupe. Ni kweli kwamba askari wengi wa Kaskazini walijiandikisha ili kuuokoa Muungano, na wapo ambao hawakujali hali ya mtumwa. Je, Lincoln aliwatia maneno vinywani?

Sisi twaona kwamba hakufanya hivyo, lakini alipita karibu sana na kosa hilo. Hakudai kujua yaliyokuwa moyoni mwa kila askari. Alichosema ni kwamba vifo vyao vingekuwa bure iwapo taifa lile, lenye msingi wa usawa, lingeangamia. Lakini neno hili la kwamba wasiwe wamekufa bure lina hatari yake, na vijana wetu yafaa walijue. Laweza kutumiwa na mtawala yeyote, katika vita vyovyote. Vita vya dhuluma navyo vina wafu wake, na wafu hao nao wana mama na watoto wanaolia. Mtawala dhalimu aweza kusema kwamba kwa kuwa elfu moja wamekufa, hatuna budi kuendelea, na wakifa elfu kumi akasema vivyo hivyo. Kwa njia hiyo kila kaburi jipya huwa sababu ya kuchimba jingine.

Kwa hiyo lazima tushike kanuni hii: damu haiigeuzi batili kuwa haki. Shabaha ya vita sharti iwe ya haki kabla mtu wa kwanza hajafa. Ikiwa ni ya haki, makaburi hutuongezea wajibu wa kuitimiza. Ikiwa si ya haki, wajibu wetu kwa waliokufa ni kuvikomesha vita na kuwatunza waliobaki. Hotuba ya Lincoln husimama kwa sababu shabaha aliyoitaja ilikuwa ya haki, na kwa sababu hakuwa na maneno matupu. Tarehe 1 Januari 1863 alikuwa amekwisha kutangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi, na Desemba 1865, miezi kadhaa baada ya yeye mwenyewe kuuawa, utumwa ulipigwa marufuku katika katiba ya nchi nzima.

Lipo jambo jingine la kupimia, nalo ni hesabu ya wanaokumbukwa. Katika makaburi yale ya Gettysburg, askari zaidi ya 3,500 wa Kaskazini walipangwa kwa nusu duara, bila ya kumtukuza mwenye cheo juu ya asiye nacho. Mamia kati yao hawakujulikana majina, nao walipewa mahali pao. Lakini kazi nzito ya kufukua maiti ilifanywa na vibarua weusi wakiongozwa na Basil Biggs, na askari weusi wa mji ule waliopigania Muungano walizikwa, wengi wao, katika makaburi mengine yaliyotengwa kwa watu weusi. Usawa uliotangazwa mdomoni ulikuwa haujafika hata ardhini.

Sisi wa Afrika Mashariki twalijua jambo hili vizuri. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, maelfu kwa maelfu ya watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi, na jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam limetokana na kikosi chao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji huo mwaka 1927 huwakumbuka kwa ujumla, bila majina. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali taarifa ya kamati yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Karne nzima ilipita kabla deni hilo halijatamkwa.

Nasi pia tuna makaburi yetu. Huko Kaboya, mkoani Kagera, wamelala mamia ya askari wa Tanzania waliokufa katika vita vya 1978 na 1979, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia ardhi yetu. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huweka mkuki na ngao kwa heshima ya waliokufa. Desturi hiyo ni njema na ilindwe. Lakini walimu wasiwaache wanafunzi waitazame kama gwaride tu. Wawafundishe kuuliza: Je, msemaji amejihesabu miongoni mwa wadaiwa? Je, shabaha anayoitaja ni ya haki, nayo ni ya kweli? Je, wote waliokufa wamehesabiwa, na mpagazi pamoja na jemadari? Mwanafunzi anayeuliza hivyo hawavunjii mashujaa heshima. Anawalinda wasitumiwe na wasio na haki ya kusema kwa niaba yao, na kwa kufanya hivyo ameanza kulipa sehemu yake ya deni.