Nyumba ya Mkunga

Somo: Kutoka 1:15–21

Marehemu mama alikuwa na saa ya kifuani, ile ya wauguzi, inayobanwa kwa pini juu ya mfuko wa gauni na kuning'inia kichwa chini. Sisi watoto tukiitazama tuliona 12 iko chini, 6 iko juu, na mishale imetuchanganya kabisa. Siku moja mdogo wangu akamwambia, "Mama, saa yako imepinduka." Mama akacheka. Akamnyanyua mpaka mashavu yao yakagusana, akamwambia, "Sasa tazama chini." Kutoka pale alipokuwa mama, saa ilikuwa imekaa sawasawa.

Nilipokua ndipo nilipoelewa sababu. Mkunga anaposikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni kwa ile pembe ya mti, sikio lake limebanwa kwenye pembe, na mkono wake umeshika kifundo cha mkono wa mjamzito, apime mapigo yake pia, asije akachanganya moyo wa mama na moyo wa mtoto. Hana mkono wa kushikia saa. Hutupa jicho kifuani, akahesabu dakika nzima bila kusema neno. Mapigo yakiwa kati ya 120 na 160, hushusha pumzi. Yakianza kupungua, usiku wake unabadilika.

Saa ile hunijia kila ninapofungua sura ya kwanza ya kitabu cha Kutoka. Waisraeli wameongezeka Misri, na Farao ameingiwa na hofu. Amewatesa kwa kazi ya udongo na matofali, lakini hawakupungua. Ndipo anawaita wakunga wawili, Shifra na Pua, na kuwapa agizo: mtoto wa kiume afe palepale anapozaliwa, wa kike aachwe hai. Wakunga wale wakamcha Mungu kuliko mfalme. Wakawaacha watoto waishi.

Kuna neno moja katika agizo la Farao ambalo tafsiri zetu haziwezi kulibeba lote. Mahali alipojishikiza mwanamke wakati wa kujifungua panatajwa kwa neno la Kiebrania ambalo asili yake ni mawe mawili. Sisi tuliokulia Singida, katikati ya majabali yanayoota kama uyoga pembeni ya ziwa Singidani na nyuma ya nyumba za watu, hatupati taabu kuiona picha hiyo: mwanamke amechuchumaa, jiwe huku na jiwe huku, na mkunga amepiga magoti mbele yake. Neno hilo limetumika mara mbili tu katika Biblia nzima. Mara ya pili ni Yeremia 18:3, nabii anaposhuka kwenye nyumba ya mfinyanzi na kumkuta akifinyanga kwenye gurudumu lake. Mawe ya kuzalia na gurudumu la mfinyanzi, neno ni moja.

Ukiyasoma pamoja utaona ubaya wa agizo la Farao ulipofika. Aliwataka wanawake wale waue mahali ambapo Mungu mwenyewe yuko kazini, udongo ungali mbichi mikononi mwake. Na utaona pia heshima ya mkunga. Anapopiga magoti pale, amepiga magoti kwenye karakana ya Mungu. Anaufuta uso wa kazi ambayo Mfinyanzi ameimaliza sasa hivi.

Mkoa wetu unazijua kazi za magoti hayo. Makiungu, masista Wakatoliki waliotoka Ireland walianza hospitali mwaka 1954. Kiomboi na Iambi, Walutheri walijenga wodi, na pale Iambi wakawatunza hata wagonjwa wa ukoma ambao ndugu zao waliwaogopa. Itigi, Wamisionari wa Damu Azizi walisimamisha hospitali ya Mtakatifu Gaspar. Serikali nayo ilipeleka zahanati vijijini, nyingine zenye vyumba viwili tu, nesi mmoja na kandili moja. Mama alikuwa mmoja wa hao manesi wa kandili. Mpango wa taifa wa chanjo ulikuwa umeanza mwaka 1975, na yeye alikuwa kwenye msafara wa kliniki ya mkoba, sanduku la barafu magotini, wakiteremka mlima Sekenke kwenda vijiji vya bonde la Wembere. Mzani wa watoto waliutundika kwenye tawi la mti. Alipokea watoto wa Wanyiramba wenzake, wa Wanyaturu, wa Wasukuma, wa wafugaji waliohamahama na ng'ombe wao. Hakuna mtoto aliyeulizwa kabila kabla ya kukatwa kitovu.

Lakini mstari unaonishika zaidi katika somo letu ni wa 21. Unasema kwamba kwa sababu wakunga wale walimcha Mungu, Mungu aliwajalia nyumba. Nyumba hapa si kuta na bati. Ni kama sisi tunavyosema "nyumba ya fulani", tukimaanisha watu wake: watoto, wajukuu, ukoo unaobaki ukimtaja. Mungu angeweza kuwapa dhahabu ya Misri, au cheo, au maisha marefu. Kwa nini akachagua nyumba?

Mtoto wa nesi analijua jibu, kwa sababu amelilipia. Kazi ya mkunga huchukua kutoka nyumbani kwake. Mimba haiangalii kalenda. Uchungu hauulizi kama mwanao ana mtihani kesho. Kila usiku anaokaa kwenye nyumba ya mwingine, nyumba yake inakaa bila yeye.

Nilikuwa darasa la pili. Ulikuwa msimu wa kuvuna alizeti, na baba alikuwa amepeleka magunia Singida mjini. Mama alikuwa zamu ya usiku. Alitusongea ugali wa uwele na mlenda, akatufunika, akaomba, akaondoka. Usiku wa manane homa ikanipanda, nikaanza kuweweseka. Dada yangu akakimbia kwa jirani. Yule mama akaja na koroboi mkononi na kanga moja begani. Aliichovya kanga katika maji, akaikamua, akanipangusa kichwa, shingo na makwapa, akairudia tena na tena. Akanipa dawa kama mama alivyomwelekeza dada. Akakaa mkekani, kichwa changu juu ya mapaja yake, mpaka jogoo wakawika. Nilimwita mama usiku kucha. Kila nilipomwita, jirani alijibu, "Mama yuko kazini, baba. Mimi nipo."

Mama alirudi jua likichomoza, viatu vyake vyeupe vimejaa vumbi. Akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu, akaitazama ile saa kifuani huku akinihesabia mapigo. Nikageukia ukutani. Hakunigombeza wala hakujitetea. Alisema tu, "Pole mwanangu. Kuna mama alikuwa na hali mbaya sana. Amepona, na mtoto wake amelia." Kisha akamshukuru jirani kwa mikono miwili, akaenda kuwasha moto wa uji.

Uchungu wa asubuhi ile nilitembea nao miaka mingi. Nilihesabu usiku wote ambao mama hakuwepo: Krismasi moja, ubatizo wa mdogo wangu, jioni nyingi nisizokumbuka idadi. Niliusoma muda wake kutoka upande wangu, na kwangu mimi ulikuwa umepinduka.

Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba yule jirani alikuwa na watoto wanne, na wote wanne walipokelewa na mikono ya mama. Wa mwisho alizaliwa usiku wa mvua, korongo limejaa na hakuna wa kuvuka kwenda zahanati, kwenye chumba cha jirani, kwa koroboi ileile. Hapo ndipo mstari wa 21 ulipofunguka mbele yangu. Mungu aliyewajengea nyumba Shifra na Pua hakushuka kwetu na matofali. Alimtuma mwanamke mwenye kanga moja begani. Mama alipokuwa akilinda nyumba ya mtu, Mungu alikuwa akiilinda ya kwake, na alitumia mikono ya walewale ambao mama aliwahudumia. Usiku ule sikuachwa. Nilikuwa ndani ya nyumba ambayo Bwana alikuwa anaijenga.

Fungua sura ya pili, utaona Mungu hakuibadili njia yake. Yule mtoto Musa, aliyeponea kwenye mkono wa mamaye, anapita kwenye macho ya dada yake pale mtoni, anapita kwa binti Farao, anarudishwa kunyonya kwa mamaye. Hakuna mwanamke mmoja aliyemwokoa peke yake. Kila mmoja alimshika kwa zamu yake, na Mungu alikuwa kwenye zamu zote.

Mtu asidhani kwamba mama aliijali zahanati akaisahau familia. Akitoka zamu ya usiku hakulala kabla hajatukagua mmoja mmoja kama yuko kwenye wodi: kucha, masikio, shingo, kola ya shati la shule. Mkono wake ulinuka dawa ya kuulia vijidudu na moshi wa kuni, na mpaka leo harufu hizo mbili zikikutana namtafuta kwa macho. Daftari zetu alizisaini akisinzia. Baba alipougua mgongo, mama alimgeuza, akamwosha na kumlisha miezi mingi bila kupaza sauti, kisha jioni akavaa gauni jeupe na kwenda kuwageuza wa wengine.

Na usiku alipokuwa nyumbani, ibada ya familia ilikuwa ndefu, kwa sababu aliwaombea wagonjwa wake. Hakuwataja majina. Siri ya mgonjwa kwake ilikuwa kama ya kanisani. Alisema, "Bwana, yule wa kitanda cha nne. Bwana, yule binti mdogo aliyekuja peke yake. Unawajua." Sisi tulikua tukimwombea "yule wa kitanda cha nne" kama ndugu yetu. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyokuwa kubwa kuliko vyumba vyake.

Siku tuliyomzika, vijana walianza kuchimba alfajiri. Ardhi yetu mnaijua. Hawakufika kiunoni wakakutana na mwamba. Wazee wakashauri tusogeze kaburi. Vijana wakakataa. Walisema pale alipopachagua mwenyewe, kando ya baba, ndipo atakapolala. Walipokezana sululu na nyundo, mmoja akichoka mwingine anaruka ndani, mpaka jua likawa kali. Niliwapelekea maji. Mkubwa wao, mikono yake imechubuka, alikunywa, akajifuta uso, akaniambia, "Kaka, sisi wote humu alitupokea yeye. Acha tumwandalie mahali."

Nilisimama ukingoni nikatazama chini. Huku mwamba, na huku mwamba, na katikati wana wa mikono yake. Nikayakumbuka yale mawe mawili ya somo letu. Wazee wetu huliita kaburi nyumba ya milele. Siku ile niliona nyumba ya mkunga ikijengwa na watu aliowaleta duniani, nami nikaamini kwamba ile nyingine, ambayo Bwana Yesu katika Yohana 14 aliahidi kwenda kuiandaa, nayo ilikuwa tayari.

Mpendwa msomaji, Neno hili lina watu wake leo.

Wewe uliye zamu usiku huu, Mkalama, Manyoni, Ikungi au kokote, na moyo wako uko kwa mwanao uliyemwacha na msichana wa kazi au na bibi: kazi yako inaonekana. Tafiti za afya za taifa zilionyesha kwamba katika nchi yetu vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Ndani ya namba hizo kuna magoti mengi yaliyopigwa, kandili nyingi zilizokesha. Dunia haikuyaandika majina ya wakunga hao. Aliyeyaandika ya Shifra na Pua anayo yote.

Wewe uliyelelewa na mama wa namna hii, na bado una kidonda cha usiku ambao hakuwepo: nenda kasimame pale alipokuwa amesimama, utazame muda wake kutoka hapo. Kama yu hai, mwambie asante leo. Kama amelala, mwambie Mungu, naye atakusikia.

Na wewe jirani: mkunga wa kijiji chako ana watoto. Usiku akiitwa, koroboi yako na kanga yako ndizo matofali ambayo Mungu anayatafuta.

Ile saa ya mama ninayo. Naivaa siku ya kumkumbuka, kifuani, kichwa chini, kama alivyoivaa. Wanangu wananiambia imepinduka. Nawanyanyua.

Sala: Ee Mungu Mfinyanzi wetu, tunakushukuru kwa mama zetu waliopiga magoti mahali unapofanyia kazi. Wahurumie waliochoka. Walinde watoto wanaolala bila mama zao usiku huu, na utuamshe sisi tuwe nyumba yao. Yule wa kitanda cha nne, Bwana, unamjua. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.